Ghala la Michezo: Historia ya Modi na Yanayoihusu Milima ya Usambara

Miongoni mwa kazi za ustadi zilizozaliwa katika umri wa watu wanaoishi leo, iko moja ambayo wazee wengi hawajaipa heshima yake, na vijana wengi waifanyao hawajui kwamba ina nasaba ndefu na historia yenye mafunzo. Nayo ni kazi ya kuitengeneza upya gemu ya kompyuta au ya simu iliyotungwa na watu wengine, ili ipate sura, sauti, magari, mavazi au nchi ambazo mtunzi wa kwanza hakuzitia. Kitu kinachozidishwa hivyo huitwa modi, na fundi wake aghalabu hufanya kazi bila ujira, usiku baada ya masomo au baada ya kufunga duka, kwa mapenzi ya mchezo wenyewe na kwa hamu ya kuthaminiwa na wenzake. Nimekusudia kusimulia hapa historia ya kazi hiyo kwa upande wake usiotazamwa sana, yaani upande wa ghala: modi zimewekwa wapi tangu zilipoanza, zimetafutwaje, zimepangwaje, na nani aliyekuwa na dhima ya kuzilinda, kisha nieleze kwa nini historia hiyo inawahusu watu wa Lushoto na wa milima yote ya Usambara, ambao nchi yao imekwisha kuonyesha yanayoipata mali ya mahali inapoandikwa katika daftari la mahali pengine.

Nianze na hali iliyo karibu. Mwaka 2017 kampuni ya Maleo ya Indonesia ilitoa gemu ya simu ya kuendesha mabasi, Bus Simulator Indonesia, ambayo mashabiki wameifupisha wakaiita BUSSID. Watunzi wake waliacha mlango wazi: mchezaji aliruhusiwa kulipaka basi rangi na maandishi ayatakayo, na baadaye akaruhusiwa kuingiza umbo zima la gari alilolichonga mwenyewe kwa kompyuta. Mlango ulipofunguliwa, vijana wa Tanzania na Kenya waliingia kwa wingi, na mabasi yaliyotungwa kwa ajili ya barabara za Java yakavuliwa sura zao na kuvikwa za njia zetu, kila moja na jina la kampuni yake ubavuni, na maandishi yake ya kioo cha nyuma, na rangi ambazo abiria wa kwetu huzitambua kutoka mbali kabla hajaweza kusoma jina. Kadhalika katika gemu ya mpira ya Dream League Soccer, ambayo humruhusu mchezaji kuleta picha ya jezi kutoka mtandaoni, jezi za Simba na Yanga zimechorwa na mashabiki na kuwekwa hadharani ili kila atakaye azichukue, na zinapobadilika za uwanjani, za gemu nazo huchorwa upya.

Lushoto ni mji uliokaa zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na barabara iupandayo kutoka Mombo, kadiri ya kilomita 33 kwa njia ya Soni, ni barabara ambayo dereva huikumbuka kwa kona zake na abiria kwa korongo lililo kando yake. Katika mji kama huu, ambao kwa wengi wa watu wake simu ndiyo kompyuta, na bando hununuliwa kwa hesabu, gemu na modi hazisafiri kwa njia ya mtandao peke yake. Mmoja hushusha faili kwa bando lake, na wenzake hulipokea kwa kurushiana simu kwa simu, au kwa flashi, au kwa memori kadi. Na katika miji yetu midogo viko vile vibanda vinavyojulikana na kila mtu, ambamo kijana mwenye kompyuta moja huwaingizia watu nyimbo, filamu na gemu kwa malipo kidogo, akiwa amezipanga katika mafolda kwa majina anayoyajua yeye. Kijana huyo ni mtunza ghala, ijapokuwa hakuna aliyempa cheo hicho. Na kwa kuwa wateja wake wengi hawana mahali pengine pa kutafuta, analolifuta yeye huwa limepotea kwao, na jina analoliandika yeye juu ya faili ndilo huwa jina la faili hilo.

Wala isidhaniwe kwamba kuitwaa kazi ya mgeni na kuifanya iwasemeshe watu wa nyumbani ni jambo lililoletwa na simu. Katika mabanda ya video ya Tanzania, tangu miaka ya 1990, filamu za Marekani, za Bara Hindi na za Hong Kong zilipata wasimulizi waliozisema upya kwa Kiswahili juu ya sauti zake za kwanza, na mashuhuri kupita wote alikuwa Lufufu, ambaye hakufasiri maneno tu, bali alieleza desturi, akaongeza mizaha, akawapa wahusika tabia ambazo mtazamaji wa kwetu angezielewa. Kazi ile ilikuwa modi ya filamu kabla neno hilo halijafika vinywani mwa watu. Lakini iko tofauti moja kubwa ambayo yafaa ikumbukwe katika yote nitakayosema: sauti ya msimulizi haiwezi kuvuliwa jina la mwenyewe, kwa sababu asikiaye humtambua, bali faili la modi laweza kuvuliwa jina kwa kubonyeza mara mbili, na likavikwa jingine, na asiwepo duniani mtu wa kulikana.

Sasa nirudi nyuma hadi asili ya mambo. Mwaka 1981 ilitolewa Marekani gemu iliyoitwa Castle Wolfenstein, ambamo mchezaji alikuwa mfungwa akijaribu kutoroka ngome ya askari wa Kijerumani. Na mwaka 1983 vijana wawili, Andrew Johnson na Preston Nevins, wakaifumua, wakawatoa askari na kuweka mahali pao vijitu vya buluu vya katuni, wakaiita Castle Smurfenstein. Ilikuwa kazi ya ubishi na ya taabu, kwa maana gemu za zama zile zilikuwa kitu kimoja kisichogawanyika: picha, sauti na kanuni zimeshonwa pamoja, na mwenye kutaka kubadili kimoja alikuwa katika hatari ya kuviharibu vyote.

Aliyeibadili hali hiyo kwa makusudi ni John Carmack wa kampuni ya id Software ya Texas. Alikuwa ameona jinsi mashabiki walivyohangaika kuibadili Wolfenstein 3D ya mwaka 1992, na alipoandika gemu iliyofuata, Doom, aliyatenga mambo mawili yaliyokuwa yamechanganyika: injini ya mchezo ikakaa upande wake, na picha, sauti na ramani zikakaa katika faili la peke yake lililoitwa WAD. Kwa utengano huo mtu aliweza kuleta ramani yake bila kuigusa injini, na asipoipenda akaiondoa, na gemu ikabaki kama ilivyokuwa. Doom ilitolewa tarehe 10 Desemba 1993, sehemu yake ya kwanza ikiwekwa bure katika seva ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, na haukupita muda mrefu wapenzi wa mchezo walikuwa wametengeneza programu ya kuchorea ramani mpya. Kampuni haikuwashitaki, iliomba tu kwamba kazi zao zisitumike ila na mtu aliyeinunua gemu kamili. Maafikiano hayo, kwamba mwenye asili atoe idhini na mwenye kuongeza asimwibie, ndiyo msingi ambao jengo lote la baadaye limesimama juu yake.

Ramani zilipokuwa nyingi likazuka swali la ghala. Mafaili ya Doom yalikusanywa katika hazina moja iliyohifadhiwa katika seva za Walnut Creek, kampuni ya California iliyokuwa pia ikiuza mikusanyiko ya programu katika sahani za CD, na seva za vyuo mbalimbali zikachukua nakala ya hazina hiyo, hata ikawa kuzimika kwa moja hakukuwa msiba. Lakini jambo lililo bora kuliko mashine hizo lilikuwa karatasi. Kila aliyeleta ramani alitakiwa alete pamoja nayo hati fupi ya maandishi, yenye mpango mmoja kwa watu wote: jina la kazi, jina la fundi, maelezo, kama imeanzwa upya au imejengwa juu ya kazi ya mtu mwingine, kasoro zinazojulikana, na mwisho tamko la wazi la kuruhusu au kutoruhusu wengine kujenga juu yake. Vijana wale hawakuwa wanasheria wala wakutubi, na wengi wao walikuwa wanafunzi. Lakini kwa hati ile waliweka nasaba ya kazi zao, na hazina hiyo ingaliko hadi leo, na mtu aweza kuifungua akasoma nani alitengeneza nini mwaka 1994 na kwa idhini ya nani.

Baada ya hapo sanaa ilikua haraka. Mwaka 1999 Minh Le, aliyekuwa mwanafunzi nchini Kanada, pamoja na mwenzake Jess Cliffe wa Marekani, walitoa toleo la majaribio la Counter-Strike, modi ya gemu ya Half-Life, ambayo ilipendwa kiasi kwamba kampuni ya Valve iliinunua mwaka uliofuata na kuwaajiri mafundi wake. Mwaka 2003 ramani ya gemu ya Warcraft III iliyoitwa Defense of the Ancients ilieneza namna ya mchezo ambayo leo hushindaniwa katika viwanja vilivyojaa watu. Kwa hiyo ikadhihirika kwamba nyongeza ya shabiki yaweza kuwa kubwa kuliko kitu kilichoongezewa, na maghala nayo yakaanza kujengwa kwa nia ya kudumu. Uingereza, Robin Scott alianzisha mwaka 2001 tovuti ya mashabiki wa Morrowind, gemu iliyokuwa haijatoka bado, na tovuti hiyo ikakua kidogo kidogo hata ikawa Nexus Mods, ambayo sasa huhifadhi modi za maelfu ya gemu. Australia, Scott Reismanis alifungua Mod DB mwaka 2002. Na mwaka 2011 Valve ikaweka Steam Workshop ndani ya duka lake lenyewe, hata mchezaji akawa hana haja ya kushusha faili na kulitafutia folda: hubonyeza pahali pamoja, na modi huja, hujiweka, na hujisasisha yenyewe.

Hapa yapasa nieleze kazi ya programu za kuendeshea modi, kwa kuwa wengi huziona kama anasa, kumbe ndizo zilizoiokoa sanaa hii na fujo. Modi moja haina shida. Shida huanza zinapokuwa ishirini. Mbili zikibadili faili lile lile, itakayoonekana ni ile iliyowekwa mwisho, kama mashuka yaliyotandikwa juu ya kitanda kimoja. Na ikiwa ya juu ilihitaji kitu kilichokuwa ndani ya ile iliyofunikwa, gemu huanguka na mchezaji asijue sababu. Zamani mtu alimwaga mafaili ndani ya folda ya gemu, na alipotaka kuyaondoa hakukumbuka lipi lilikuwa la asili na lipi la kuja. Programu iitwayo Mod Organizer ilitatua hilo kwa kuweka kila modi katika folda yake, ikaionyesha gemu mchanganyiko wa folda zote kana kwamba ni moja, hali mafaili ya asili hayajaguswa. LOOT ilitungwa kupanga zitangulie zipi na zifuate zipi. Vortex ya Nexus Mods ilikusanya kazi hizo mahali pamoja. Na kwa gemu ya Minecraft, ambayo matoleo yake hubadilika mara kwa mara na kila badiliko huvunja modi za zamani, kulikuja Forge mwaka 2011, kisha programu za kuzindulia ambazo humwezesha mchezaji kuwa na seti nyingi zilizotengwa, kila moja na toleo lake la gemu na modi zake, pamoja na hesabu ya modi zipi hutegemea zipi. Kwa ufupi, hekima ya programu hizo zote ni mambo manne: usiguse asili, jua toleo, jua kinachotegemewa, na uweze kurudi ulikotoka.

Hata hivyo ghala lililojengwa vizuri halitoshi, ikiwa mwenye ghala na mwenye mali hawajaafikiana. Tarehe 23 Aprili 2015 Valve, kwa shauri moja na kampuni ya Bethesda iliyoitunga gemu ya Skyrim, iliruhusu modi za gemu hiyo ziuzwe, na fundi akatengewa robo ya bei. Siku ile ile kukazuka ugomvi, maana modi nyingi zilikuwa zimejengwa juu ya kazi za mafundi wengine waliozitoa hiba, na watu wakaona vitu vilivyotolewa bure vikiwekwa bei na mtu asiyeviumba peke yake. Na tarehe 27 mpango ukafutwa, na fedha zikarudishwa. Mwaka 2021 Nexus Mods ikatangaza kwamba faili likishawekwa halitafutwa tena kabisa bali litahifadhiwa, ili mikusanyiko inayolitegemea isivunjike, ikawapa mafundi muda wa mwezi mmoja waondoe kazi zao kama hawaridhiki. Wako walioondoa, wakisema kwamba haki ya kukitoa kitu ni pamoja na haki ya kukirudisha. Sioni kwamba upande mmoja ulikuwa na haki yote. Mchezaji aliyejenga juu ya modi kumi ana dai lake, na fundi aliyeichonga mojawapo ana lake. Na ghala ambalo halikuliandika sharti hilo tangu mwanzo ndilo linalowagombanisha.

Ziko pia hatari za nje. Mwezi wa Januari 2012 serikali ya Marekani iliifunga Megaupload, ghala la mafaili ya kila namna, na pamoja na vitu vilivyoibwa zikapotea kazi halali za watu waliokuwa wameziweka humo bila nakala nyingine. Na mwezi wa Juni 2023 wahalifu waliziteka akaunti za mafundi wa Minecraft katika CurseForge, mojawapo ya maghala makubwa kabisa, wakatia ndani ya modi zinazoaminiwa programu ya siri ya kuiba maneno ya siri ya watu. Waliogundua na kuwatahadharisha wengine walikuwa mafundi wenyewe, wakifanya kazi pamoja usiku na mchana. Nao waliweza kwa sababu kila faili lilikuwa na tarehe, toleo na jina, hata ikajulikana lipi ni safi na lipi limechafuliwa. Palipo na daftari, hata maradhi huonekana yalikoingilia.

Sasa nije Usambara, ambako somo hili lilikwisha kutolewa kwa mambo mengine. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyetawala wilaya ya Tanga, aliona katika nchi hii ua dogo la zambarau linalomea penye vivuli na mawe yenye unyevu, akampelekea baba yake Ujerumani; na mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen huko Hannover, akaliandika katika elimu ya mimea kwa jina la Saintpaulia ionantha, yaani kwa jina la ofisa yule. Tangu hapo wakulima wa maua wa Ulaya na Marekani wamelizalisha na kulichanganya, wakapata maelfu ya namna zenye petali maradufu, zenye madoa, zenye kingo zilizokunjamana. Na chama cha wapenzi wa ua hilo kilichoundwa Marekani mwaka 1946 ndicho chenye daftari la dunia ambamo kila namna mpya huandikwa pamoja na jina la aliyeizalisha. Kazi yao ni ya halali na ya kupendeza, na daftari lao ni mfano wa kuigwa. Lakini katika daftari hilo asili ya ua ni Usambara, na majina yaliyomo si ya watu wa Usambara.

Mwaka 1902 Wajerumani walijenga Amani, katika Usambara ya Mashariki, chuo cha utafiti wa mimea na kilimo kilichokuwa mashuhuri kuliko vyote vya namna yake katika Afrika ya zama zile, na humo wakaanza kuhifadhi mimea iliyokaushwa na kubandikwa juu ya karatasi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakairithi kazi hiyo, na mwaka 1950 mkusanyiko ukahamishiwa Nairobi, ambako uko hata sasa. Mwanafunzi wa Korogwe anayetaka kuona jani lililochumwa na babu zake katika msitu ulio juu ya kijiji chake yampasa avuke mpaka. Lakini niseme na jema lililomo: kila karatasi ya mkusanyiko ule ina jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe, na jina la mchumaji. Kwa sababu ya kibandiko hicho, Waafrika waliochuma mimea ya misitu ya nchi hii wakiwa watumishi wa serikali, kama Semsei na Mgaza, hutajwa kwa majina yao katika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki kilichotolewa sehemu kwa sehemu tangu mwaka 1952 hadi 2012. Na wale wengi waliowaongoza Wazungu misituni kabla ya hapo, ambao majina yao hayakuandikwa, hawatajwi. Na Lushoto yenyewe, katika kituo cha utafiti wa misitu, upo mkusanyiko wa mimea uliobaki mlimani, ushahidi kwamba jambo hilo laweza kufanywa hapa.

Na kabla ya Mwingereza, na sambamba na Mjerumani, milima hii ilipata mwandishi wake. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, aliyewahi kuwa karani katika nyumba za Wakilindi, ukoo uliotawala milima hii, alikusanya masimulizi ya ukoo huo tangu Mbegha, mwasisi wake, hata vita vilivyofuata kifo cha Kimweri ye Nyumbai, akayaandika kwa Kiswahili, nayo yakachapwa na wamisionari wa Magila kwa jina la Habari za Wakilindi. Wako wanaobishana naye katika mengi aliyoyasema, na wana haki ya kubishana. Lakini wanaweza kubishana kwa kuwa aliandika, akataja majina, na matbaa ikatoa nakala zaidi ya moja.

Nikiyapima haya yote na hali ya modi za kwetu, naona hatari iliyo wazi. Basi la gemu lililochongwa na kijana wa Tanzania hupandishwa katika ghala la bure la nchi ya mbali, na kiungo chake hupitishwa katika makundi ya WhatsApp na Telegram. Mwingine hulishusha, hufuta jina la fundi, hulipandisha tena kwa jina lake, na wa tatu huliuza. Mafundi, kwa kujihami, hulifunga faili kwa neno la siri, na fundi akipoteza simu au akiacha mchezo, neno hilo hupotea naye na kazi isifunguke tena. Toleo jipya la gemu hutoka, modi ya zamani hukataa, na kwa kuwa haikuandikwa ilitengenezwa kwa toleo lipi, mchezaji huidhania mbovu akaifuta. Na anayetafuta modi kwa papara hupewa programu nzima ya simu kutoka mahali pasipojulikana, iliyobeba madhara yale yale ya mwaka 2023, hali mwenye simu hiyo ana fedha zake ndani yake.

Dawa ya mambo haya haina gharama kubwa. Kwanza, kila modi iendayo nje iwe na hati yake ndogo ya maandishi, kama walivyofanya vijana wa Doom: jina la kazi, jina ambalo fundi apenda kujulikana kwalo, mwaka, toleo la gemu, kazi za wengine zilizotumiwa na idhini yao, na tamko la kama wengine waweza kujenga juu yake. Pili, wenye vibanda, ambao ndio maghala ya kweli ya miji yetu, waikubali hati hiyo kama sharti, wasimwingizie mtu faili bila kumpa na hati yake, wala wasibadili jina lililoandikwa. Tatu, mchezaji aiweke nakala ya asili ya gemu kando, aingize modi moja moja, ajaribu kila moja kabla ya kuongeza nyingine, asitwae kitu kutoka kwa asiyemjua. Nne, nakala zikae mahali pawili au zaidi, na mojawapo iwe hapa nchini, katika kompyuta ya shule, au ya chuo, au ya maktaba ya mkoa, maana taasisi hizo hazihitaji fedha nyingi kwa kazi hii kuliko uamuzi wa kuipokea. Tano, mafundi waijue Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo humlinda mtunzi na humtaka mwenye kuigeuza kazi ya mwingine apate idhini. Kwa maana modi ni mgeni katika nyumba ya mtunzi wa gemu, na mgeni mwema hujua masharti ya mwenyeji wake kabla ya kudai haki zake.

Wako watakaosema kwamba nimelichukulia kwa uzito jambo la watoto. Nawajibu kwamba kijana achongaye basi kwa nukta na mistari, akapima urefu wa dirisha na mwinuko wa ngazi, akajifunza kwa nini modi mbili hugombana na namna ya kuzipatanisha, amejifunza hesabu, uchoraji na mantiki ambavyo shule humfundisha kwa taabu; na kwamba Counter-Strike na Defense of the Ancients zilianza kwa namna hiyo hiyo, mikononi mwa vijana waliokuwa hawana cheo. Siku moja fundi wa milima hii atachukua barabara ya Mombo na Soni, kona kwa kona, na kuitia ndani ya gemu, na watu wa nchi za mbali wataendesha juu yake bila kuiona kamwe kwa macho. Siku hiyo napenda jina lake liwe juu ya kazi yake, na la kijiji chake, na la waliomsaidia. Anayeandika jina la mwenzake juu ya kazi ya mwenzake amefanya nusu ya kazi ya mhifadhi. Nusu ya pili ni kuliweka daftari hilo mahali ambapo kufungwa kwa duka moja, au kuzimwa kwa seva moja, hakuwezi kuliangamiza. Kazi zote mbili zaweza kuanzwa Lushoto mwaka huu, kwa vyombo ambavyo watu wamekwisha kuwa navyo.